Mhariri, huo mchoro wa seli ya mmea urekebisheni

Mhariri, salamu. Ile makala yenu ya seli nimeipenda, ila mchoro jamani! Mmechora Golgi (kile kiungo cha seli kinachopokea protini, kuziandaa na kuzituma) moja imejibanza karibu na kiini, hiyo ni ya mnyama. Kwenye mmea zipo nyingi, zimetapakaa seli nzima na zinakimbia juu ya nyuzi za protini ya aktini, ukiziona kwa darubini zikiwa zimetiwa rangi ya kung'aa utadhani siafu waliotibuliwa.

Na sio kwamba nawasumbua kwa kitu kidogo. Mmea hautembei, kwa hiyo protini gani imekaa upande gani wa utando unaoizunguka seli ndo kila kitu. Kuna moja inaitwa PIN1, kazi yake kutoa oksini, homoni ya ukuaji, nje ya seli, na kwenye shina inakaa upande wa chini, na kwa vile kila seli imeiweka chini basi oksini inashuka seli hadi seli mpaka mizizini. Kale kammea ka maabara, Arabidopsis, jeni hiyo ikiharibika kanatoa shina tupu limechongoka kama pini, maua karibu hakuna, jina likatokea hapo.

Sasa inafikaje huko? Ribosomu, yaani vile viwanda vidogo vya protini, zilizonata kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) zinaitengeneza huku zinaipachika kwenye utando palepale, vifuko vinaibeba hadi Golgi, kisha inaingia kituo cha kuchambua mizigo, hapo ndo inajulikana kama inaenda utando wa nje au inaenda kuvunjwa kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa ndani ya seli. Kituo hichohicho kinapokea na zile zinazorudi kutoka nje, kwa mnyama hizo ni ofisi mbili. Tena zinarudi kweli, PIN1 haitulii, inavutwa ndani inarudishwa, inavutwa inarudishwa.

Mimi ninayoipenda zaidi ni BOR1, inayopitisha boroni. Boroni ikiwa haba udongoni, seli za mzizi zinaiweka upande unaotazama katikati ya mzizi ili kidogo kilichopatikana kiweze kupanda juu. Boroni ikizidi ni sumu, basi BOR1 inabandikwa ubikwitini, kijiprotini kinachotumika kama alama, inamezwa ndani na kupelekwa vakuoli, saa chache tu mlango umeshang'olewa. Yaani mzizi hauna ubongo lakini unajua kufunga duka.

Mkirudia hiyo makala choreni Golgi nyingi, na mishale iende pande zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Msomaji wenu, mwalimu wa bayolojia