Kwa mdogo wangu, kuhusu sikio la yule mtoto

Mdogo wangu,

Mama ameniambia kitindamimba wetu amepata viza ya Ujerumani, na kwamba wewe ndiye unayempa mafunzo kila jioni hapo barazani. Nimeyasikia unayomfundisha: abebe koti zito, asiseme sana, asimwamini mtu. Koti sawa. Mengine nayajibu hapa hadharani, maana simu zangu hupokei, na najua utasoma hata kama hutakiri.

Kwanza mwambie anakwenda kufanya kazi gani. Wewe uliwaaga watu mtaa mzima kwamba unakwenda kuwa mwalimu Ulaya, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande. Mpango wa weltwärts, ule wa serikali ya Ujerumani wa vijana wa kujitolea, ulianza kupokea vijana wa kwetu mwaka 2013, na mkataba wanaopewa huwa mara nyingi ule wa huduma ya kujitolea ya shirikisho. Sharti lake moja ni kwamba anayejitolea hachukui nafasi ya mtu wa mshahara. Kwa maneno mengine, darasa si lake. Wiki za mwanzo atakaa kwenye kiti kidogo pembeni ya mtoto mmoja ambaye hamalizi sentensi. Atachonga penseli, atafunga kamba za viatu, atakata matufaha, atahesabu vichwa njiani kwenda bwawa la kuogelea. Ukiingia na cheo cha ualimu kichwani, kila siku utajiona umeshushwa.

Kwenye makaratasi hukukosea hata moja, hiyo haki yako nakupa. Basi mpe mpangilio wako uleule. Ndani ya wiki mbili tangu ahamie, aende kujiandikisha ofisi ya wakazi na pasipoti, fomu, na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Miadi aikamate mapema, maana mijini inaweza kuwa mbali kuliko hizo wiki mbili. Siku hiyohiyo ya kuhamia jina lake libandikwe kwenye sanduku la barua. Linaonekana jambo dogo, lakini namba ya kodi, kadi ya benki na kadi ya bima ya afya vyote huja kwa posta, na tarishi asipoliona jina hurudisha barua ilikotoka. Kibali cha ukaazi akiombe kabla tarehe ya mwisho kwenye viza haijafika.

Na chanjo ya surua amalize hukohuko Tanga. Tangu Machi 2020 sheria yao inamtaka kila anayefanya kazi shuleni, kama alizaliwa baada ya 1970, aonyeshe kuwa ana kinga, na kwa chanjo wanahesabu dozi mbili. Kadi za kliniki za rika lenu nyingi zina ile moja ya miezi 9. Bila ya pili kuandikwa na kugongwa muhuri, siku ya kwanza shuleni atarudishwa mlangoni.

Sasa saa. Wakimwambia „halb neun“, hiyo ni nusu ya kuelekea tisa yao, ambayo kwetu ni saa tatu, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Wewe uliongeza nusu juu ya tisa ukafika saa tatu na nusu, darasa limeshatoka mapumziko, halafu ukatupigia simu kwamba wanakununia. Kuchelewa dakika nne kwao ni kosa. Saa nzima ni tusi. Akiumwa apige simu kabla ya kipindi cha kwanza. Ujumbe wa jioni haumsaidii mwalimu aliyemtegemea asubuhi.

Hesabu nazo zina mitego. Kuzidisha huandikwa kwa nukta katikati ya mstari, kugawanya kwa nukta mbili, na penye nukta yetu ya desimali wao huweka mkato. Tarakimu yao ya moja ina mkono mrefu, ukiiona haraka utasema ni saba. Saba huikata kwa kistari. Mtoto wa darasa la pili akiambiwa ishirini na moja akaandika 12, asimkaripie. Kijerumani hutamka moja kabla ya ishirini, na mtoto ameandika alivyosikia. Alama nazo zimegeuka: 1 ndiyo bora, 6 ndiyo aibu. Asimpe pole mtoto aliyepata moja.

Haya. Sikio.

Ilikuwa wiki ya tatu, uwanjani, mapumziko makubwa. Mtoto wa miaka minane alirusha vipande vya mbao vinavyotandazwa chini ya bembea, ukamkataza mara mbili, ya tatu ukamshika sikio ukamwongoza mpaka kwa mwalimu wake. Hukumpiga. Hukumvuta sana, nakuamini. Kwetu hilo hata mzazi hasimuliwi. Kwao lilitosha mama mtu kuwa ofisini asubuhi yake. Ujerumani Magharibi jimbo la mwisho kufuta viboko shuleni lilikuwa Bavaria, mwaka 1983, na tangu 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kuumizwa wala kudhalilishwa, hata na mzazi wake mwenyewe. Wewe umetoka penye kanuni za 2002 zinazoruhusu mpaka viboko vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Kati ya hapo na pale sikio la mtoto lina uzito tofauti.

Na hawakukufukuza. Hilo umemficha kitindamimba. Walikupa nafasi nyumba ya wazee, mji uleule, posho ileile. Ukakataa, ukapanda ndege Novemba.

Hata hilo ningelisahau. Nisiloweza kulisahau ni Idi. Sinia la pilau limewekwa, Baba mkubwa amekuuliza kwa upole kabisa mbona mkataba wa mwaka umeisha kwa miezi mitatu, ukajibu bila kuinua macho: „Muulizeni dada. Yeye ndiye aliyenipeleka, na hakuniambia kitu.“ Mikono yote ikasimama juu ya wali. Mama akanitazama mimi.

Hakuniambia kitu! Nilikuambia soksi za sufu. Nilikuambia mkate wa jioni ni baridi, usisubiri chakula cha moto. Nilikuambia saa zao hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kwamba giza la saa kumi na moja jioni litakukaa kifuani. Semina ya maandalizi ilizungumzia ulinzi wa watoto siku nzima, na ile karatasi uliitia saini, ulinitumia picha yake. Kijana wa miaka 22 nimwambie nini tena, asimshike mtoto wa watu sikio?

Lakini ningeweza kukuambia. Tumekua nyumba moja, najua mikono iliyotulea na mahali ilipotushika. Niliona aibu kulisema, nikaona semina itanisemea. Kwa Kijerumani, kwa mtu wa A2, ngazi ya pili tu ya lugha kutoka chini. Sikusemi hivi ili unisamehe. Nataka ujue tu kwamba kwa sehemu ulisema kweli, na bado hukupaswa kuisema mbele ya sinia.

Kwa hiyo mwambie wewe, kwa mdomo wako. Mikono ibaki kwake. Mtoto akikosea uwanjani, asogee karibu, ainame macho yalingane, amwite kwa jina, aseme sentensi moja fupi. Asiposikia, amwite mwalimu wa zamu. Zamu ni ya mwalimu na yeye ni msaidizi tu. Mtoto akimkumbatia, amwache, ila asimbebe. Chooni asiingie naye peke yake. Picha asipige, na statusi ya WhatsApp ndiyo kabisa, labda wazazi wawe wameandika ruhusa. Pipi asigawe kabla ya kuuliza nani ana mzio.

Na mfundishe mbweha, ile ishara ya mkono ya kuwanyamazisha watoto. Kidole cha shahada na cha mwisho vimesimama, masikio yako wazi. Vile viwili vya kati vimekutana na gumba, mdomo umefungwa. Aulize kwanza kama shule yake bado inautumia, maana nyingine zimeuacha kwa kufanana na ishara ya kundi moja la siasa la Kituruki, zinapiga kengele ndogo badala yake. Lakini mkono aujue. Nilikuona siku ileile ya Idi, baada ya chakula, uko uani na watoto wanapiga kelele. Uliuinua tu bila kusema neno, na wote kumi na mmoja wakanyamaza.