Maharage yasitumalizie mkaa

Mhariri,

Mwanafunzi aliyepanga chumba, na anayetaka kupunguza mkaa mwezi huu, aanze na maharage. Inauma kuona kopo zima la mkaa likiteketea kwa sufuria moja ya mboga, ilhali kapu la kutunza joto linaweza kumaliza kazi hiyo bila moto.

Tafuta kapu la ukindu linaloacha nafasi ya vidole vinne kila upande wa sufuria. Shindilia nguo kuukuu za pamba au sufi chini na pembeni, kisha shona mto mnene wa kufunika juu.

Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya yapite maharage kwa vidole vitatu. Chemsha kwa nguvu dakika 20 hadi 30. Hapa tusifanye haraka hata kidogo: maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na joto la kapuni peke yake haliiondoi. Funika sufuria ikiwa bado inatokota, iingize kapuni papo hapo, acha saa nne.

Wengi hukwama kwa sababu sufuria imejaa nusu tu, nayo hupoa upesi. Wengine hufunua na kuchungulia; mvuke ukishatoka, rudisha sufuria motoni ichemke upya. Nyanya zisubiri yalainike, kwani uchachu wake huyafanya yabaki magumu. Yakitoka kapuni, yachemshe tena kabla ya kula.

Mpenda mazingira,
Morogoro