Nani mwingine amekagua usukani?

Mhariri,

Kila kijana akiunda ndege kwa mabati na injini ya pikipiki, magazeti, na hili lako pia, humpiga picha amekaa ndani, kijiji kizima kimemzunguka. Huulizwa injini kaitoa wapi na imemla pesa ngapi. Swali ambalo sijalisoma hata siku moja ni hili: nani mwingine, asiyekuwa yeye, amekagua usukani na nyaya zake?

Nilikuwa fundi wa ndege ndogo pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa miaka 27. Nikiwa bado mwanagenzi nilipewa kazi ya kubadilisha nyaya za vile vijibawa vya kulazia ndege, vilivyo karibu na ncha za mabawa. Nikakaza, nikatia pini, nikapanda kwenye kiti cha rubani. Usukani ukawa unateleza, haukwami popote. Mzee aliyenifundisha, Mgoa mmoja mkali, alikuwa amesimama nje.

"Peleka kushoto."

Nikapeleka.

"Umepeleka wapi?"

"Kushoto, mzee."

"Shuka uje utazame."

Kijibawa cha kushoto kilikuwa kimeshuka badala ya kupanda. Nyaya nilikuwa nimezipishanisha. Ndege ile ingewaka vizuri, ingekimbia vizuri, halafu ingemuua rubani magurudumu yakishaachana na lami. Na mimi ningeikagua hata mara kumi nisione kitu, kwa sababu nilikuwa natazama kile nilichoamini nimekifanya.

Wapenzi wa nyimbo za kantri wanamkumbuka John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini huko Monterey, California, akiwa peke yake katika Long-EZ, ndege ya kujiundia iliyobuniwa na Burt Rutan. Yeye aliinunua tu. Katika mchoro, mpini wa kubadilishia tangi la mafuta uko mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda akauhamishia nyuma ya bega la kushoto. Siku ile Denver na fundi mmoja walijaribu kuurefusha kwa koleo, bado mkono haukufika vizuri. Geji za mafuta nazo zilikuwa nyuma, basi fundi akampa kioo cha kuzitazamia. Kioo! Mzee wangu angeifungia ndege hiyo kwa kufuli. Wachunguzi walieleza kwamba alipojipinda kuutafuta ule mpini, mguu wake ulikanyaga pedali ya kulia na ndege ikamponyoka.

Simkatazi kijana yeyote kuunda. Nami nilianza kwa kufungua redio ya baba bila ruhusa. Ila aliye kati ya Voi na Taveta na ana chombo chake chini ya mwembe, aniulizie kwa chifu. Sitaki malipo. Yeye atakaa ndani ayumbishe usukani, mimi nitasimama nje nimwambie ninachokiona. Mpiga picha wako aje baada ya hapo.

Fundi mstaafu,
Voi