Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Dozi ya Damu Katika Tiba ya Iodini-131

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na uchaguzi yamo kwenye taarifa za mhazini na katibu, kwa hiyo sitayarudia. Kazi kubwa ya chama mwaka huu ilikuwa kukubaliana namna moja ya kukadiria dozi ya mionzi inayoifikia damu ya mgonjwa wa saratani ya thairoidi anapomeza iodini-131, yaani iodini yenye mionzi. Nianze na lugha. Tumezoea kuita kila kitu dozi, na fomu zinachanganya. Kuanzia sasa dozi ni ile ya Gy (grei, kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa na tishu) tu. Kile anachomeza mgonjwa, cha GBq (gigabekereli, kipimo cha ukali wa chanzo cha mionzi; GBq 1 ni MBq 1,000 au kBq milioni moja), kiitwe kiasi.

Tunapima damu kwa niaba ya uboho, sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kwa kuwa uboho ndio unaoumia mapema na hauwezi kuchotwa kila siku. Kikomo cha 2 Gy kwa damu kilitolewa na Benua na wenzake wa New York mwaka 1962, na hakikuja peke yake. Saa 48 baada ya kumeza, kilichobaki mwilini kisizidi 4.44 GBq, na kama saratani imesambaa mapafuni kisizidi 2.96 GBq. Sharti hili la pili wengi hulisahau, ilhali kuna wagonjwa ambao ndilo linalowafunga kwanza.

Fomula tuliyoipitisha ni ile ya kamati ya dozi ya chama cha tiba nyuklia cha Ulaya, iliyochapishwa 2008. Dozi ya damu kwa kila GBq ni 108 mara muda wa ukaaji katika mililita moja ya damu, ukijumlisha 0.0188 iliyogawanywa kwa uzito wa mgonjwa (kilo) uliopandishwa kipeo cha 2/3, mara muda wa ukaaji mwili mzima. Muda wa ukaaji ni eneo lililo chini ya mkunjo wa sehemu ya kiasi iliyobaki kadiri saa zinavyopita; muda wote ni kwa saa. Sehemu ya kwanza ni mionzi ya beta inayoishia ndani ya damu yenyewe; ya pili ni gama inayotoka mwili mzima.

Chukua mgonjwa wa kilo 70 ambaye ukaaji wa mwili mzima ni saa 24 na wa mililita ya damu ni saa 0.00067. Beta inatoa 0.072, gama 0.027, jumla karibu 0.1 Gy kwa GBq. Yaani 2 Gy inafikiwa kwenye takriban 20 GBq. Tazameni mgawanyo: karibu robo tatu ya dozi imetoka kwenye sampuli ya damu. Pipeti ikikosea, huko ndiko kosa linakoingilia.

Sasa mwingine wa uzito huohuo, figo zimechoka, mapafu yana saratani. Ukaaji wake ni mara mbili: dozi 0.2 Gy kwa GBq, kikomo cha damu 10 GBq. Lakini saa 48 bado ana asilimia 37 mwilini, yaani 3.7 GBq, na mapafu yake yanaruhusu 2.96 tu. Kwa hiyo asipewe zaidi ya 8 GBq. Mwenye kukokotoa fomula peke yake angemzidishia GBq mbili nzima.

Vipimo vifanyike kwa 10 hadi 15 MBq kabla ya tiba. Kiasi kidogo hivyo hakiilemazi tishu ya thairoidi kabla ya tiba yenyewe. Damu mililita 2 kwenye tyubu ya heparini, saa ya 2, 6, 24, 48 na 96. Mwili mzima upimwe nyakati hizohizo kwa kigunduzi kilichowekwa mita 2 au zaidi, mbele na nyuma, alama za miguu zikiwa zimechorwa sakafuni kwa rangi. Utepe hubanduka kila sakafu inapopigwa deki. Toa kwanza mionzi ya mazingira, zidisha mbele kwa nyuma, tafuta kipeuo cha pili. Mfano: saa ya 2 mbele 18,400 na nyuma 14,600, wastani 16,390, saa ya 24 mbele 6,900 na nyuma 5,900, wastani 6,380. Kimebaki asilimia 39.

Kipimo cha kwanza ndicho asilimia 100, na ndicho kinachoharibika mara nyingi kuliko vyote. Mgonjwa asiende haja ndogo mpaka kiishe. Tuseme amekojoa na kupoteza sehemu ya kumi: kila asilimia inayofuata inavimba kwa sehemu 11 katika kila 100, dozi inaonekana kubwa, na mgonjwa anapewa kiasi pungufu cha tiba. Hakuna kengele inayolia, maana tarakimu zote zinaonekana safi.

Kosa la pili ni letu wenyewe, Waswahili. Muuguzi anaandika «saa 3 asubuhi», mwenye kompyuta anaingiza 03:00. Hapo pamepotea saa sita. Kwa mgonjwa wa ukaaji wa saa 24, sehemu hiyo ya mkunjo inapinda kwa zaidi ya asilimia 20. Fomu mpya ina visanduku vinne vya tarakimu, na mfano juu yake: saa 3 asubuhi iandikwe 09:00.

Maabara. Tyubu ipinduliwe taratibu mara nane, kwani damu iliyoganda haipimiki sawasawa. Isizungushwe kwenye sentrifuji: baadhi ya maabara hutenganisha kwa mazoea, na plazma huonyesha iodini nyingi kuliko damu kamili. Glovu zibadilishwe kila mchoto, tyubu ifutwe nje, kwa sababu jasho na mate ya mgonjwa yana iodini. Kiwango cha kulinganishia, yaani sampuli yenye iodini ya kiasi kinachojulikana, kiwe na ujazo uleule na chupa ileile. Umeme ukikatika, kabla ya kuendelea pima tena kiwango hicho, kwa sababu volti ya kigunduzi husogea.

Wanaopima baada ya tiba kamili wana tatizo jingine. Mililita 2 za saa ya 24 baada ya 3.7 GBq zinaweza kuwa na kBq 70 na ushee, na mashine ya kuhesabia huzidiwa na kusoma pungufu. Acha sampuli zipoe wiki moja au mbili, yaani mionzi yake ipungue, kisha sahihisha kwa nusu-maisha (muda wa mionzi kupungua kwa nusu) ya siku 8.02.

Tusikatize saa ya 48. Saratani inayotengeneza homoni huirudisha iodini kwenye damu ikiwa imeshikwa na protini, na mkia huo huonekana baadaye tu.

Kituo kisicho na mashine ya kuhesabia damu kinaweza kupima mwili mzima peke yake, kwa kuchukulia asilimia 14 ya iodini ya mwili imo katika damu. Inatosha kwa mgonjwa aliye mbali na kikomo. Akiwa na uvimbe mkubwa unaoishika iodini, makadirio hupanda kuliko hali halisi. Akiwa karibu na kikomo, damu ichotwe.

Namna ya kumwandaa mgonjwa nayo ihesabiwe. Aliyeachishwa vidonge vya thairoksini, homoni ya thairoidi, figo zake hupunguza kasi: wastani uliochapishwa ni 0.17 Gy kwa GBq, dhidi ya 0.11 kwa aliyechomwa sindano za TSH, homoni inayoichochea thairoidi. Kipimo kilichofanywa katika hali moja kisitumike kwa tiba ya hali nyingine.

Kwa maoni yangu, tukishindwa kumpima kila mtu, tuanze na wenye zaidi ya miaka 70, wenye figo dhaifu na wenye saratani mapafuni. Miongozo ya Marekani ya 2015 ilionya dhidi ya kuwapa waliopita miaka 70 zaidi ya 5.55 GBq kwa mazoea. Chembe nyeupe na chembe sahani zihesabiwe wiki ya 4 hadi ya 6 baada ya tiba, na matokeo yaandikwe nyuma ya fomu hiyohiyo.

Fomu zipo kwa katibu. Za zamani zirudishwe.

Mwenyekiti