Barua kwa wanafunzi waliojadili utumwa na sheria

Wajukuu zangu wa Kidato cha Sita,

Assalaam alaykum. Anayekuandikieni ni bibi aliyefundisha historia hapa Unguja kwa miaka 31. Mmoja wenu analala kwangu, na wiki iliyopita alinipa daftari lake nisome aliyoyaandika baada ya mjadala wenu, ule wa kwamba sheria ndiyo iliyomaliza utumwa Zanzibar. Upande wake ulishinda. Mstari wa mwisho ameandika: "Tumeshinda, na mimi sina raha." Nikamwomba ruhusa nikuandikieni nyote.

Nianze na kile kicheko. Ameeleza kuwa mwenzenu aliinuka akauliza nani humu ni mjukuu wa mtumwa, darasa zima likacheka, na msichana mmoja akainama, akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake mpaka kengele ikalia. Msirudie. Kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo nasema, msirudie. Mimi ni kitukuu cha mtumwa. Bibi yake mama yangu alichuma karafuu Pemba, katika shamba la mtu aliyemmiliki yeye pamoja na mikarafuu.

Sasa hiyo sheria. Miaka mliyoitaja ni sahihi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikubali mkataba na Waingereza, biashara ya watumwa baharini ikapigwa marufuku na soko la Mkunazini likafungwa. Leo pale pamesimama kanisa. Lakini aliyeamka siku ile na watumwa wake shambani alilala nao vilevile, na mahakama iliendelea kumtambua kuwa ni mwenye mali kwa miaka 24 zaidi.

Ikaja amri ya Sultani Sayyid Hamoud bin Mohammed, 6 Aprili 1897. Hii mliitaja kwa fahari, ila katika daftari sioni kama kuna aliyeisoma mpaka mwisho. Amri ilisema mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mwenziwe. Lakini mtumwa mwenyewe ndiye aende mahakamani akaombe. Akishatambuliwa kuwa huru, aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia ikawekwa kwa ajili ya bwana. Kwa yule aliyechuma karafuu tangu utotoni haikuwekwa kitu. Na masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, waliachwa nje kabisa: walihesabiwa kama wake wa nyumbani, wabaki walipo, isipokuwa kama mmoja ataomba kutoka kwa sababu ya ukatili. Wao walingoja mpaka 1909.

Mama alinisimulia kwamba bibi yake hakwenda mahakamani mwaka ule. Alikuwa msichana tu. Wenzake walipomshawishi aliwajibu: "Nikifika nitasema nakaa wapi?" Kibanda chake kilikuwa katika ardhi ya bwana, na muhogo wake ulikuwa katika ardhi hiyohiyo. Niliifundisha amri ile miaka mingi kabla sijatambua kuwa swali lake lilikuwa limeandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Upande uliopinga nao usione kuwa nimewapa ushindi. Kabla ya 1897 bwana aliweza kwenda kwa kadhi kudai mtu wake. Baada yake mlango huo ulifungwa, na hilo si dogo. Waulizeni wa Mombasa na Lamu, waliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar lakini sheria yao ikafika 1907. Tanganyika ilikuwa 1922. Hesabuni mtoto aliyezaliwa Pangani na aliyezaliwa Chake Chake mwaka mmoja, mwone tofauti ya tarehe ilikuwa na maana gani katika maisha ya mtu.

Kuna na aliyesema watumwa wa kwetu waliishi kama watoto wa nyumbani. Mwanangu, mtoto wa nyumbani hauzwi baba akielemewa na deni. Ninacho sandukuni kipande cha kaniki cha bibi yule, rangi yake ya buluu imekwajuka, pindo limeliwa na nondo. Kaniki ndiyo ilikuwa nguo ya mjakazi. Mama alisema siku aliyopata kanga yake ya kwanza aliivua kaniki na hakuivaa tena mpaka kufa, wala hakukubali itupwe.

Rudieni mjadala, lakini badilisheni swali. Ulizaneni sheria ile ilimtaka nani aombe, ilimlipa nani, na ilimwacha nani. Kabla ya hapo nendeni Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, mkaombe kuonyeshwa amri ya 1897, muisome kifungu kwa kifungu. Yule msichana wa mtandio akipenda, akae karibu yangu, kwa sababu mtakapopanga siku nitakuja nanyi, na kaniki nitaibeba.

Bibi yenu