Nywele zijae siku ya harusi

Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa harusi ya mdogo wako Jumamosi hii. Unataka nywele zionekane zimejaa bila wigi, na njia ya nywele isionyeshe ngozi ya kichwa. Inawezekana, ila kuna jambo ukubali kwanza: kwenye nywele za kipilipili zilizo nyembamba, urefu na ujazo vinagombana. Nywele ikijikunja inashika nafasi kubwa. Ikinyooshwa inalala juu ya mwenzake, na kichwa kinaanza kuonekana. Ukimwomba msusi akupige draya hadi ziguse mabega, utapata urefu wa picha na kichwa cheupe. Chagua ujazo.

Kabla ya yote, kata ncha. Zishike nywele fungu moja moja ulinyooshe: kama sentimita 2 za mwisho unaona mwanga katikati yake, hizo ndizo zinazokudanganya kwamba una nywele ndefu. Zikatwe kwa mkasi wa nywele, mkato ulionyooka, siyo wa ngazi. Ngazi inapunguza nywele pale pale ambapo huna.

Alhamisi usiku osha. Shampuu changanya na maji kwenye chupa, vijiko 2 vya chakula kwa kikombe cha maji, na upake kwenye ngozi ya kichwa mara mbili. Usione uvivu wa mara ya pili, maana mafuta ya wiki nzima ndiyo yanayozilaza nywele zako. Kondishena ipakwe kuanzia katikati ya unywele hadi ncha tu, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, shampuu haitoi povu vizuri na nywele zinabaki kama zimepakwa chaki. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa, lita 1 inatosha.

Sasa mafuta, na hapa ndipo utakapogombana na msusi. Mafuta ya nazi, ya mgando, siagi ya shea, vyote ni vizuri kwa nywele nene. Zako zitashikana vishada na kila kishada kitafungua dirisha la ngozi. Tumia kondishena ya kuacha, isiyosuuzwa, yenye majimaji, kiasi cha kijiko cha chai kwa kichwa kizima, halafu povu la kuseti, lile la chupa ya kubonyeza, mibonyezo 2 kwa kila robo ya kichwa. Povu likikauka linaupa unywele ugumu kidogo usimame. Mafuta subiri, zamu yake itafika Jumamosi, tone moja tu.

Sokota nywele zikiwa na unyevu, zisiwe zinadondosha maji. Kichwa chako kinataka misokoto kama 25 hadi 30. Ikiwa mikubwa, 10 au 12, kati ya mmoja na mwingine itabaki barabara nyeupe. Jambo ambalo wasusi wengi hawalijali: visanduku, yaani mafungu unayopasua kabla ya kusokota, visipangwe kwa mistari iliyonyooka. Pasua kama matofali ya ukutani, msokoto wa safu ya nyuma uangukie katikati ya miwili ya mbele. Misokoto ikifunguliwa hakuna mstari wa kufuata kwa jicho, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Shina usilivute. Anza kusokota kwa ulegevu, kaza kuanzia katikati, ncha zungushia kirola kidogo ili zisipeperuke kama manyoya.

Zikauke kabisa. Huko kwenu Tanga, na unyevu wake wa baharini, usiku mmoja hautoshi, ndiyo maana nimesema Alhamisi. Ukiwa na haraka, kaa chini ya draya ya kofia dakika 45 hadi saa nzima, joto la kati, halafu ziache zipoe kabla ya kuzigusa. Ukifungua msokoto ambao ndani yake una ubaridi, funga tena: ukiuacha wazi, utajikunja na kurudi kichwani baada ya saa moja, na povu lote litakuwa limepotea bure. Losheni au jeli yenye gliserini usipake siku hizo, inavuta unyevu wa hewa.

Jumamosi usizifungue nyumbani. Utatoka na buibui na mtandio, na kitambaa kitazilaza zote. Nenda na misokoto yako chini ya kitambaa cha satini, uzifungue huko huko ukumbini kwa wanawake. Tone moja la mafuta kwenye vidole, fungua msokoto kinyume cha ulivyosokotwa, gawanya mara mbili tu. Ukigawanya mara nne utapata ujazo wa dakika kumi, kisha zitachambuka kama pamba. Mwisho ingiza chanuo hadi kwenye ngozi, inyanyue shina kidogo, toa. Usichane hadi ncha. Njia ipasue kwa kidole, upande mmoja, siyo katikati, maana njia ya katikati ndiyo iliyochoka kuliko zote.

Ngozi ikiendelea kuonekana utosini, chukua rangi ya macho ya unga, nyeusi au kahawia iliyoiva, isiyometameta, uipachike kwa brashi kavu kwenye ngozi yenyewe. Wanja wa penseli usijaribu. Una nta, na ukumbini kuna joto; utateremka hadi kwenye paji la uso.

Umeuliza pia kuhusu rasta. Za kujaza kichwa kizima sizipendi kwako. Unywele mwembamba unabeba uzito wa rasta kwa shina lile lile dogo, na pembeni mwa uso ndipo panapoanza kunyonyoka. Vipele vidogo kwenye mashina au kichwa kinachouma usiku si uzuri wa msuko mpya, ni msuko uliokazwa mno, na ufumuliwe hata kama umeulipia. Ukitaka rasta baada ya harusi, zianzie na nywele zako mwenyewe, nyembamba na fupi, zisizidi wiki 6. Nywele za uzi ni bora zaidi, mradi uzi usikazwe shinani.

Hayo yote ni ya nywele ulizonazo. Kama zinatoka kwa wingi tangu ulipojifungua, hilo huwapata wengi miezi michache baada ya uzazi na kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka. Lakini ukiona duara tupu, au panapowasha na kutoa magamba, nenda hospitali wakaangalie, inaweza kuwa mapunye, na hakuna msokoto unaotibu hayo.

Alhamisi ukikwama kwenye visanduku nipigie, ila uwe umeshakata ncha.

Nisalimie mama na bibi harusi.

Shoga yako,
Mwanaidi