Namba za Water Street zisikudanganye

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku sote hatujambo. Unasema unaandika historia ya Water Street, mtaa wa Lavenham huko Uingereza, lakini wazee wa pale kila mmoja anakusimulia Water Street yake, na hawapatani. Wasikilize, lakini usiandike bado. Nyumba zitangulie, watu wafuate.

Mtaa ule ulijengwa kwa fedha za vitambaa vya sufu, hasa vya buluu. Kodi ya 1524 ilipokusanywa, Lavenham ilihesabiwa miongoni mwa miji tajiri ya Uingereza. Baadaye vitambaa vyepesi na vya bei nafuu vya mji wa Colchester vikaliteka soko, watu wakakosa fedha za kubomoa na kujenga upya. Umaskini ndio uliozihifadhi zile nyumba za mbao. Angalia nguzo za ukutani: zikibanana sana, mwenyewe alikuwa na fedha, maana nyumba ingesimama hata kwa mbao chache. Ukiona ukuta wa matofali mbele usiseme nyumba ni mpya. Huenda umebandikwa tu, kwa hiyo zunguka nyuma, au omba kupanda darini.

Kisha sensa, na hapa ndipo wengi huteleza. Zinazosomeka ni za 1841 hadi 1921, kila miaka 10. Ya 1931 iliungua, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita; pengo hilo utaliziba kwa daftari la wakazi la tarehe 29 Septemba 1939. Kuanzia 1851 hadi 1901, namba iliyo safu ya kwanza ni ya fomu ya kaya. Siyo ya nyumba! Karani wa sensa alizipanga kwa mfuatano wa kazi yake, na sensa iliyofuata zikaanza upya, hivyo 43 ya 1861 haihusiani na 43 ya 1871. Tafuta jengo lisilohama, kama baa au karakana ya mhunzi, kisha hesabu kaya kutoka hapo kwenda pande zote mbili. Hesabu zikigoma, pengine karani alivuka barabara katikati ya kazi, au nyumba moja iligawanywa kwa familia mbili. Na umri wa 1841 usiuamini: aliyezidi miaka 15 alishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano iliyo chini yake, kwa hiyo mtu wa 34 anaandikwa 30, ingawa makarani wengine hawakufuata agizo hilo.

Ukipata ramani ya zaka, yaani ya viwanja vilivyotozwa zaka ya kanisa, iliyotokana na sheria ya 1836, soma na jedwali lake, kwa sababu ramani yenyewe ina namba tu. Mwenye mali na mkaaji wana safu tofauti; usiwachanganye. Eneo likiandikwa 0 1 20, siyo desimali: ni eka sifuri, rudi 1, pachi 20. Pachi 40 ni rudi moja, rudi 4 ni eka, kwa hiyo kiwanja hicho ni eka 0.375.

Sasa rudi kwa wazee, na ramani iliyokuzwa mkononi. Usiulize “mwaka gani?” Uliza “ukitoka dukani, mlango wa kulia alikaa nani?” Miaka huchanganyika, lakini majirani hukumbukwa kwa mpangilio. Waliokaa jirani warekodi kila mmoja peke yake, la sivyo mwenye sauti kubwa atawasemea wote. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na nakala ya pili usiiweke kwenye simu ileile.

Wasalimie sana.

Mama yako